Lenzi yangu itaungua nikipiga picha ya jua?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha chipukizi, niko Tanga. Nimenunua lenzi ya mtumba ya milimita 100 hadi 400, naitumia kwenye kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani. Napenda kupiga jua linapochomoza baharini, na nasikia tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, nami nataka nilipige mwanzo hadi mwisho. Mwenzangu mmoja anasema kioo cha lenzi kitapasuka. Mwingine anasema hakuna shida, nifunge tu miwani miwili ya jua mbele ya lenzi, au kipande cha picha ya eksirei. Mdogo wangu yeye anataka kutumia simu. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Miwani na eksirei sahau kabisa. Huyo wa kioo kupasuka ana nusu ya ukweli: kitu kitaungua, ila si kioo.

Nikusimulie kilichopita mezani kwangu. Kijana mmoja aliniletea lenzi ya milimita 400, analalamika kwamba kamera inagoma kila akifunga apacha, lile tundu la kupitishia mwanga ndani ya lenzi, kupita f/8 (namba ikikua, tundu linapungua). Alikuwa ameshaisafisha mara tatu akidhani ni ukungu. Nikaiinamisha chini ya taa: kioo kimetakata, hakina hata mkwaruzo. Nikaifungua. Mle ndani kuna vibati vyembamba vyeusi, tisa, vinavyopishana kufanya lile tundu la katikati. Viwili vilikuwa vimejikunja kama maganda ya kitunguu kwenye mafuta ya moto, na cha tatu kina kitundu cha ukubwa wa kichwa cha pini. Harufu ya rangi iliyoungua bado ilikuwa imo. Nikamuuliza, "Ulipiga jua?" Akanijibu, "Ndiyo fundi, lakini nilifunga apacha hadi f/22 ili nipunguze makali."

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Ukifunga apacha, mwanga haupungui unapoingia kwenye lenzi. Unaingia ule ule, unakusanywa na vioo vya mbele, kisha unakuta mlango umefungwa. Unaupiga mlango. Mlango wenyewe ni kibati chembamba kuliko wembe, kimepakwa rangi nyeusi, na cheusi hakirudishi mwanga, kinaumeza wote. Sensa, kile kibao cha kunasia picha ndani ya kamera, imepona, lakini vibati vimekufa kwa niaba yake. Na kamera nyingi za aina yako zinaweza kukaa zimefunga apacha muda wote unapotafuta picha, si ile sekunde ya kubonyeza tu.

Kioo chenyewe kinasalimika kwa sababu kinapitisha mwanga, hakiushiki. Wanaoumia ni wale wanaoushika: vibati, pazia la shata (lile linalofunguka mbele ya sensa unapopiga), sensa, plastiki za ndani. Na kwenye kamera za zamani zenye kioo cha ndani, zile za DSLR, wa kwanza kwenye foleni ni jicho la mpigaji, maana ukichungulia kwenye kidirisha unatazama jua lenyewe kupitia lenzi. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina mishipa ya maumivu. Inaungua kimya kimya, mwenyewe unakuja kugundua saa kadhaa baadaye kwamba kuna doa katikati ya kila unachokitazama. Kamera yako wewe inakuonyesha skrini ndogo kwenye kidirisha, kwa hiyo jicho lako lina kinga, mradi usitoe kichwa pembeni kulitafuta jua kwa macho makavu, jambo ambalo kila mtu hulifanya.

Sasa joto lenyewe ni kiasi gani? Vuta lenzi yako hadi milimita 400. Kwenye f/5.6 mdomo wake wa kupokelea mwanga ni kama milimita 71. Jua la mchana lisilo na wingu huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Ukipigia hesabu ule mdomo unapata kama wati 4. Utasema wati 4 ni nini, hata balbu ya uani inazidi. Lakini taswira ya jua inayotua kwenye sensa ni duara la milimita 3.7 tu, punje ya mtama, na wati zote zimebanwa humo. Ni karibu mara 370 ya jua unaloanikia nguo. Kama uliwahi kuwasha karatasi kwa lenzi ya maabara ya shule, ndiyo hesabu ile ile. (Ukitaka kujua jua litakuwa kubwa kiasi gani kwenye lenzi yoyote, gawanya milimita za lenzi kwa 109. Lenzi ya 50 inakupa nusu milimita, kwa hiyo kama ni picha ya jua lenyewe unayoitaka, ya 50 haikufai.)

Wala usione aibu kwamba hukulijua hili. Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walitua mwezini na kamera ya televisheni ya rangi. Alan Bean alipokuwa akiihamisha kwenda kwenye stendi yake, lenzi ikaelekezwa kwenye jua. Bomba la kunasia picha likaharibika pale pale, na matangazo ya televisheni ya safari ile kutoka juu ya mwezi yakaishia hapo. Watu walikuwa wamesafiri karibu kilomita 400,000 na hawakuwa na kamera nyingine ya akiba ya kurushia matangazo.

Kwa hiyo mwanga unatakiwa upunguzwe kabla haujaingia kwenye lenzi. Mbele. Si nyuma, si kwenye kidirisha, si kwa kuvaa miwani ya kupatwa kwa jua halafu ukachungulia kamera ya DSLR. Hiyo miwani imetengenezwa kwa jua la kawaida. Ukiiweka mahali ambapo jua limeshakusanywa mara mia kadhaa itatoboka, na kinachofuata ni jicho.

Upunguzwe kiasi gani? Filta halisi ya jua hupitisha sehemu moja tu kati ya 100,000. Kamata namba hiyo kisha upime nayo ushauri wote unaopewa mtaani. Miwani ya jua ya kawaida hupitisha kama asilimia 10 hadi 20 ya mwanga, kwa hiyo miwani miwili inabakiza asilimia 1 au zaidi, yaani mara elfu moja kupita inavyotakiwa. Filta nyeusi ya ND1000, ile ya kupigia maporomoko ya maji yaonekane kama moshi, hupitisha moja kati ya 1,000. Bado ni mara mia zaidi. Picha ya eksirei ina weusi usio sawa, huku mbavu, kule hewa, na inapitisha miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Ukiona jua limefifia unadhani uko salama kumbe joto linapita kama kawaida. CD, kioo kilichopakwa masizi, mkanda wa kaseti, vyote ni kundi moja. Kioo cha fundi wa weldingi kinafaa kikiwa namba 14, lakini mafundi wengi hutumia namba ndogo kuliko hiyo, na hata ukiipata, jua linatoka la kijani na kingo zake zinakuwa kama zimelowa.

Kinachokufaa ni karatasi ya filta ya jua, ile inayong'aa kama foili. Ya Baader ya Ujerumani ndiyo nimeizoea. Zipo za aina mbili, uangalie namba ya uzito wa kuzuia mwanga kabla hujalipa: 5.0 ni ile ya moja kwa 100,000, 3.8 inapitisha zaidi, ni ya kamera peke yake, usiitazamie kwa jicho. Wewe nunua 5.0. Kipande cha ukubwa wa daftari kinatosha lenzi yako na simu ya mdogo wako.

Kutengeneza kishikio chake ni kazi ya nusu saa. Kata ukanda wa kadibodi, uzungushe kwenye mdomo wa lenzi uingie kwa kubana kidogo, gundisha upate kama bangili pana. Tengeneza bangili ya pili inayovaa juu ya ya kwanza. Karatasi ya filta ilaze katikati ya hizo mbili, usiivute ikakaza kama ngoma. Mikunjo midogo haiharibu picha, kuikaza ndiko kunakoiharibu. Ikishakauka, ingia chumbani, iinue mbele ya taa kali. Ukiona hata nukta moja inayong'aa kama nyota, hiyo karatasi ni ya kutupa. Kisha, na hili nakuomba usilipuuze, ifunge kwenye lenzi kwa mpira au kamba pande mbili.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuona uvivu wangu mwenyewe ukinilipa. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, kule Mbarali, jua lilipopatwa kipete, yaani mwezi uliliziba katikati likabaki pete, karibu na saa sita mchana. Umati mkubwa, watoto wa shule, vumbi. Filta yangu nilikuwa nimeishika kwa selotepu tu. Kadiri jua lilivyopanda, gundi ya selotepu ikalainika. Nikaenda pembeni kununua maji, upepo ukapita, nikarudi nikakuta karatasi imening'inia upande mmoja na lenzi inalikodolea jua. Kamera ilikuwa ya DSLR, kioo chake cha ndani kikaurusha mwanga juu, sensa ikapona. Ila plastiki ya juu ya kile kioo iliyeyuka, na mpaka leo ukichungulia unaona kovu la kahawia. Nilipokaribia kulikuwa na mtoto amesimama hatua mbili kutoka kwenye kidirisha, anasubiri zamu yake ya kuangalia. Plastiki nimeshaisahau. Yule mtoto sijamsahau.

Tuje kwenye jua lako la asubuhi. Hili lina ruhusa yake. Jua likiwa kwenye mstari wa bahari, mwanga wake unapita kwenye hewa nene karibu mara 38 ya ile unayopita likiwa utosini, ndiyo maana linakuja jekundu na limepoa. Hapo unaweza kulipiga bila filta. Tatizo ni kwamba maelezo mengi unayoyasoma yameandikwa na watu wa Ulaya, ambako jua hupanda kwa mshazari na ule mwanga wa dhahabu unakaa muda mrefu. Kwetu Tanga, nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, linapanda karibu wima. Kila dakika 2 linapanda kwa upana wake lenyewe. Dakika 20 baada ya kutokeza liko nyuzi 5 juu na limeshakuwa jua lingine. Kwa lenzi ya 400 una dakika chache sana.

Kipimo ninachotumia mimi ni mchanga. Nageuka kutazama kivuli changu. Kikiwa hakipo, au kipo kama moshi, naendelea. Kikianza kuwa na ukingo, navalisha lenzi mfuniko na kubadilisha kwenda lenzi pana, ya 24 au 35, nimweke mvuvi na ngalawa yake mbele, jua liwe nukta tu pembeni. Na kati ya picha na picha, mfuniko unarudi. Kuzima kamera hakutoshi: kamera nyingine zikizimwa zinaacha sensa wazi, nyingine zinafunga pazia la shata, na pazia nalo linatoboka. Wingu jembamba nalo lisikudanganye, litapisha bila kubisha hodi.

Jambo dogo ambalo hakuna anayekuambia: usiilaze kamera mezani au kwenye dashibodi ya gari mgongo wake ukitazama jua. Kidirisha cha kuchungulia kina lenzi ya kukuza, na lenzi haichagui upande. Inakusanya jua na kuchoma ile skrini ndogo iliyomo ndani. Nimeshabadilisha kadhaa, na wote waliapa hawajawahi kupiga jua maishani.

Agosti 2027 ni habari nyingine. Siku hiyo kivuli kizima cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Ndugu zetu walioko Jeddah na Makka wataliona jua likizibwa lote, na katika dakika hizo tu, si kabla wala baada, ndipo filta huondolewa. Tanga haimo kwenye njia hiyo. Wewe utaona jua limemegwa upande, na jua lililomegwa, hata likibaki kipande cha kucha, linachoma kila milimita yake kama lilivyo zima. Kwa hiyo kwako filta haivuliwi hata dakika moja, na ndivyo ilivyokuwa Rujewa pia, kwa kuwa ile pete ni jua tupu.

Vaa filta kwanza, ndipo uielekeze kamera. Kulilenga jua wala huhitaji kulitazama: angalia kivuli cha lenzi chini, izungushe polepole hadi kivuli kiwe kifupi kabisa, duara tupu bila mkia. Jua litakuwa limeingia kwenye picha. Fokasi iwe ya mkono, kwenye ukingo wa jua au kwenye madoa yake kama yapo, kisha bandika kipande cha selotepu isisogee (hapo selotepu inaruhusiwa). Anza na ISO 100, f/8 na shata 1/400, halafu panda na kushuka hatua mbili. Ukipata inayokupendeza, tumia hiyo hiyo muda wote. Mwezi unapunguza ukubwa wa jua, sehemu iliyobaki haififii. Kamera nyeusi ikikaa juani zaidi ya saa nzima itachemka yenyewe hata bila kosa lolote, kwa hiyo ifunike kanga nyeupe ukiacha lenzi tu, na usiiache peke yake.

Mdogo wako na simu yake. Lenzi ya simu ina mdomo wa milimita chache tu, na taswira ya jua inayotua ndani ni ndogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii. Joto ni kidogo mno, picha moja mbili za machweo hazitaiua. Ila picha ya jua lenyewe hatapata, atapata tone jeupe. Akitaka umbo la kupatwa, aweke mbele ya lenzi ya simu kipande kile kile cha filta, au jicho moja la miwani ya kupatwa kwa jua iliyoandikwa ISO 12312-2. Asithubutu kubandika simu nyuma ya darubini isiyo na filta. Hapo hesabu inarudi kuwa ile ya punje ya mtama.

Au mwambie asilitazame jua kabisa, asimame chini ya mwembe. Kila upenyo kati ya majani unafanya kazi ya lenzi, na jua likimegwa, vile viduara vya mwanga vinavyotapakaa chini vyote vinakuwa hilali, mamia, kwenye mchanga, kwenye mkeka, kwenye mgongo wa mtu aliyeinama. Picha nilizozipenda kutoka Rujewa ni za kivuli, na hazikuhitaji filta hata senti moja.

Mwisho, hiyo lenzi yako ni ya mtumba, na aliyeitumia kabla yako hukumwona. Itoe mfuniko wa mbele ikiwa kwenye kamera iliyowekwa f/16, elekeza kwenye ukuta mweupe (ukuta, si dirisha), bonyeza kitufe cha kuonyesha apacha, kisha chungulia kwa mbele. Tundu liwe na pembe zilizo sawa pande zote. Ukiona upande mmoja umeliwa, au kibati kimoja kina rangi ya kahawia badala ya nyeusi, usiendelee kuifungua na kuifunga. Ukija Dar, njoo nayo, na uniulizie vile vibati vitatu. Nimevihifadhi kwenye kopo la Blue Band.